Ukame, ng'ombe na kuhama: nani anaondoka, nani anabaki, na hesabu inagoma wapi

Mchunga Hesabu (mwanzisha uzi)

Wakuu, salaam.

Kila ukame ukipiga tunasikia "mabadiliko ya tabianchi yanahamisha watu", halafu mjadala unaishia hapo, kana kwamba mvua ikikatika mtu anafunga virago kesho yake. Haiendi hivyo. Katikati ya mvua na mtu kuna ng'ombe, na katikati ya mvua na ng'ombe kuna nyasi. Tusipoipitia hesabu ya nyasi hatutaelewa kwa nini msukuma wa Shinyanga anaonekana Usangu, Kilombero, Rufiji hadi Lindi, wakati jirani yake aliyekuwa maskini zaidi bado yupo palepale.

Tuanze na ng'ombe mmoja mkubwa wa asili, kilo 250 hivi. Anakula majani makavu kama asilimia 2.5 ya uzito wake kwa siku, yaani kilo 6 na robo. Kwa mwaka ni tani 2.3. Sasa ardhi: nyanda kame, kila milimita ya mvua huotesha takribani kilo 4 za nyasi kavu kwa hekta. Mvua ya milimita 600 inakupa kilo 2,400. Usizile zote, ukichunga zaidi ya theluthi, mizizi inachoka na mwakani unavuna vumbi. Kwa hiyo zinazoliwa ni kilo 800. Gawanya: ng'ombe mmoja anahitaji karibu hekta 3.

Mvua ikishuka hadi milimita 350, theluthi yako inakuwa kilo 470 na ng'ombe yuleyule anahitaji hekta 5. Mwenye ng'ombe 60 alikuwa anajitosheleza kwenye hekta 170. Sasa anahitaji kama 290. Hizo 120 za ziada anazitoa wapi, na jirani naye anazitafuta mwaka huohuo?

Hapo ndipo safari inapoanza, na inaanza kwa mifugo, siyo kwa familia. Kundi linagawanywa. Wanaokamuliwa na ndama wachanga wanabaki nyumbani na mama, watoto na wazee. Mitamba, madume na maksai wasio na kazi wanaondoka na vijana wawili watatu. Mvua ikirudi vizuri, wanarudi. Isiporudi misimu miwili mfululizo, kijana anajenga kibanda kule, analima robo eka ya mahindi, anaoa au anamwita mke. Ukija kumhesabu miaka mitano baadaye ni "mhamiaji", lakini hakuna siku hata moja aliyokaa akaamua kuhama.

Asiye na ng'ombe hana cha kumvuta. Nauli hana, kianzio hana, kule hana mtu. Anabaki, anakata mkaa, anafanya vibarua. Kwa hiyo ukipima athari za ukame kwa kuwahesabu waliohama, umewaruka walioumia zaidi.

---

Kisima Kirefu

Mkuu, hesabu ni nzuri lakini kuna jambo umeliruka. Hizo hekta 170 hazikupungua kwa sababu ya mvua peke yake. Pamba, mahindi, mpunga wa majaruba, makazi, maeneo ya hifadhi: vyote vimekula malisho kabla ukame haujafika. Wasukuma walianza kushuka Usangu na Rukwa tangu miaka ya 1970. Tusiisingizie tabianchi kila kitu, maana ukikosea chanzo unakosea na dawa.

Mfano mzuri ni huohuo wa Usangu. Mto Ruaha Mkuu ulianza kukauka kabisa kiangazi mwaka 1993, na umeendelea kukauka kila mwaka kwa wiki kadhaa au miezi. Lawama wakaangushiwa wafugaji. Mwaka 2006 hadi 2007 wakaondolewa Ihefu, kinamasi cha Usangu, na mifugo yao, wengi wakaelekezwa kusini, Lindi na Pwani. Mwaka 2008 eneo likaingizwa Hifadhi ya Taifa ya Ruaha. Je, mto ulirudi kutiririka mwaka mzima? Haukurudi.

Sababu ni ya kimaumbile kabisa. Ihefu ni kama karai. Mlango wake ni ukingo wa mwamba pale Ng'iriama. Maji hayatoki mpaka kina kifike juu ya ukingo. Kiangazi mito inayoshuka kutoka milima ya Mbeya na Kipengere inaleta maji kidogo, na kwenye banio za mpunga sehemu kubwa inachepushwa, hata pale ambapo shambani hakuna kitu ila majaruba yaliyoachwa na maji ili yasipasuke. Kinachobaki kinaingia kwenye karai, jua linakinywa, ukingo haufikiwi, mto chini unakauka. Ng'ombe wanakunywa, ndiyo, lakini kunywa kwao ni tone mbele ya mfereji ulioachwa wazi usiku kucha.

Na maji hayo ndiyo yanayokwenda kwenye mabwawa ya umeme ya Mtera (megawati 80) na Kidatu (megawati 204). Kwa hiyo mgao wa umeme wa 2006 haukuanzia kwenye kwato.

---

Mchunga Hesabu

Nakubaliana na wewe kwa sehemu kubwa, na sijasema popote kwamba tabianchi ndiyo mkosaji pekee. Ninachosema ni hiki: malisho yakishabanwa na kilimo na hifadhi, yule mfugaji hana tena pumzi ya ziada. Ukame ambao babu yake aliuvuka kwa kusogea kilomita 30, yeye anauvuka kwa kusogea kilomita 600. Ukubwa wa safari umewekwa na sera za ardhi. Tarehe ya kuondoka imewekwa na mvua.

Jingine, tusiangalie mvua tu, tuangalie na joto. Ukame wa Pembe ya Afrika ulioanza mwishoni mwa 2020 ulichambuliwa na wanasayansi wa World Weather Attribution mwaka 2023. Walikuta kwamba joto lililoongezeka liliufanya ukame wa kilimo wa aina ile uwezekane takribani mara 100 zaidi, na sababu kubwa ni maji kunyonywa kutoka kwenye udongo na mimea. Kiasi kilekile cha mvua, kama dunia isingekuwa imepata joto la nyuzi 1.2 za ziada, kisingeleta hali ile. Milimita 350 za leo siyo milimita 350 za 1970.

---

Upepo wa Chalbi

Niongeze ya huku Kenya, maana ndiko ukame huo ulikopiga vibaya. Misimu mitano ya mvua ilifeli mfululizo, kutoka vuli ya 2020 hadi vuli ya 2022. Kenya ilipoteza mifugo zaidi ya milioni 2, na mwisho wa 2022 watu kama milioni 4.4 kwenye kaunti kame walikuwa wanahitaji msaada wa chakula. Upande wa Somalia zaidi ya watu milioni moja walikuwa wamehama makwao kabla hata 2022 haijaisha. Halafu mvua za mwisho wa 2023 zikaja kama kisasi na kubeba hata kile kilichobaki.

Tofauti ya Kenya ni kwamba kuna vyombo vya kutangulia. Mamlaka ya kusimamia ukame, NDMA, hutoa taarifa kila mwezi kwa kaunti 23: hali ya malisho kwa setilaiti, umbali wa kwenda majini, bei ya mbuzi kwa kilo za mahindi, vipimo vya mkono wa mtoto vya kuonyesha utapiamlo. Halafu kuna pesa za HSNP, mpango wa serikali wa kukinga njaa, kwa kaya maskini, shilingi 5,400 kila miezi miwili. Haziondoi umaskini, ila zinamzuia mama kuuza mbuzi wa mwisho mwenye mimba.

Lakini kitu ambacho watu wanakiuliza sana ni bima ya mifugo. Ilianza Marsabit Januari 2010. Serikali ikaibeba Wajir na Turkana 2015, ikilipia uniti 5 kwa kaya iliyochaguliwa. Uniti moja ni ng'ombe mmoja, au mbuzi 10. Ngamia ni uniti 1.4. Hakuna mtu anayekuja kuhesabu mizoga. Setilaiti inapima ukijani wa eneo zima, na ukishuka chini ya kiwango kilichowekwa, wote wenye bima wa eneo hilo wanalipwa. Mwanzo ililenga kufidia waliokufa. Baadaye wakaigeuza ilipe mapema, ili mtu anunue majani, maji na dawa ng'ombe akiwa bado amesimama. Mabadiliko hayo madogo ndiyo yaliyoipa maana. Fidia ya mzoga hainunui mtamba mwingine wakati nchi nzima inatafuta mitamba.

Inaharibika wapi? Setilaiti haijui nyasi ni nini. Inaona kijani. Mahali palipovamiwa na mathenge, ule mti wa miiba, juu kunaonekana kijani kitupu na chini hakuna unyasi hata wa sungura. Bima hailipi, mtu anaona ametapeliwa, msimu ujao hakati tena. Tatizo la pili ni mipaka: kundi lako liko Ethiopia, kipimo kinasomwa Marsabit. Na la tatu ni la kawaida tu: malipo yaliyopaswa kufika Februari yakifika Mei, yanakuta mvua imenyesha na ng'ombe ni mifupa.

---

Mdadisi 77

Swali la kijinga labda: kama kila mtu anajua ukame unakuja, kwa nini wasiuze mapema? Ng'ombe 60 uuze 40, uweke hela benki, ukanunue tena mvua ikirudi.

---

Dalali wa Mnadani

Swali siyo la kijinga, ila jibu lina ngazi tatu.

Bei kwanza. Chukua mfano wa hesabu tu, siyo bei ya mnada wowote. Mei dume aliyenona anaenda kwa 900,000 na gunia la mahindi ni 70,000. Dume mmoja ni karibu magunia 13. Oktoba ya ukame yuleyule amekonda, mnadani kuna ng'ombe mara tatu ya wanunuzi, anaenda kwa 300,000, na gunia limefika 120,000. Sasa ni magunia mawili na nusu. Kwa hiyo kuuza kunalipa mpaka Juni, labda Julai. Tatizo ni kwamba Juni majani bado yapo na ng'ombe wanang'aa. Nani atauza ng'ombe anayeng'aa?

Pili, kurudi sokoni. Mvua ikinyesha kila mtu anataka mitamba siku hiyohiyo. Uliyemuuza 300,000 unamnunua tena kwa milioni. Hela ya benki inanunua theluthi ya kundi.

Tatu, uzazi. Ng'ombe wa asili porini anazaa mara ya kwanza akiwa na miaka minne hivi, halafu ndama mmoja kila mwaka na nusu au zaidi, na ndama wengi hufa. Kundi likikua kwa asilimia 5 kwa mwaka, ukipoteza nusu unahitaji miaka 14 kurudi ulipokuwa. Likikua kwa asilimia 3, ni zaidi ya 23. Zamani ukame mkubwa ulikuwa na nafasi katikati. Kaskazini hii imepigwa 2009, ikapigwa tena 2021 na 2022. Ndiyo maana mtu anashikilia jike kama roho yake, na ndiyo maana wanaojua wanahamia kwenye mbuzi na ngamia. Kundi la mbuzi linajirudi ndani ya miaka mitatu minne.

Kanuni inayofanya kazi ni kuuza kwa mpangilio. Tarehe ya kujipima ni mwisho wa mvua, siyo katikati ya kiangazi. Ukiona nyasi hazikufika goti mwezi Mei, toa madume yaliyopita miaka minne, maksai wazee, majike yaliyokaa miaka miwili bila kushika mimba. Hao wanakula sawasawa na wengine na hawazai. Hela hiyo usiipeleke yote benki: nunua mashudu ya pamba na pumba mwezi huohuo, kabla bei haijapanda, uyahifadhi juu ya mbao, mbali na ukuta, yasivunde. Mashudu kilo moja kwa siku kwa jike mwenye mimba, pamoja na mabua, yanamvusha. Usimlishe mashudu matupu akiwa na njaa, atavimba tumbo.

---

Mganga wa Kwato

Hapo kwenye safari yenyewe mmepapita haraka, na ndipo mifugo mingi inapofia.

Ng'ombe wa Simiyu au Longido hajazoea kupe wa mabonde yenye unyevu wala mbung'o wa miombo ya kusini. Unamtoa kwenye njaa unampeleka kwenye ugonjwa. Wiki tatu baada ya kufika, tezi zinavimba, homa, povu puani: ndigana kali, ugonjwa wa kupe. Chanjo ipo, ya kuchanjwa mara moja maishani, ila ina masharti. Inahifadhiwa kwenye naitrojeni ya maji, inachomwa sambamba na dawa ya oksitetrasaikilini ya muda mrefu, na mrija ukishayeyushwa lazima uishe siku hiyohiyo. Mrija mmoja unatosha makumi ya ng'ombe, kwa hiyo mwenye ng'ombe wanane akienda peke yake hapewi huduma. Jikusanyeni. Na ichomwe angalau mwezi kabla ya kuondoka. Kuchanja njiani, ng'ombe akiwa dhaifu na ameshabeba kupe, ni kutupa hela.

Kwa nagana, ugonjwa unaoletwa na mbung'o, kinga ni isometamidiamu, inashika miezi miwili hadi minne kutegemea wingi wa mbung'o. Tiba ni diminazini. Kosa la kila siku ni kukisia uzito. Ng'ombe wa kilo 280 anachomwa dozi ya 180 "ili dawa itoshe wote", vimelea vinajeruhiwa bila kufa, na baada ya misimu michache dawa haifanyi kazi bonde zima. Tumieni utepe wa kupima kifua. Ni rahisi kuliko soda mbili.

Homa ya mapafu ni habari nyingine. Inajificha mwilini mwezi hata zaidi, kwa hiyo kutenga kundi geni siku saba halafu kulichanganya na la wenyeji ni maigizo. Vijiji vingi vinavyowakataa wafugaji wanataja mashamba, lakini ukichimba unakuta mwaka uliopita waliuliwa ng'ombe na kundi lililopita bila kibali cha kusafirisha mifugo. Kibali kile siyo ushuru. Ndicho cheti cha afya.

---

Mpima Mipaka

Na kijiji kinachopokea ndipo maendeleo yanapojengwa au kubomolewa. Kwa Tanzania, ardhi ya kijiji iko chini ya Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya 1999, na mpango wa matumizi ya ardhi uko chini ya sheria ya 2007. Mwongozo una hatua sita: maandalizi ya wilaya, tathmini shirikishi kijijini, upimaji na uchoraji wa matumizi yaliyopo, kupanga matumizi mapya, utekelezaji pamoja na hati za hakimiliki za kimila, kisha usimamizi wa kina wa kila eneo.

Vijiji vingi vinaishia hatua ya nne. Mfadhili anaondoka, ramani inabandikwa ofisini kwa mtendaji, sheria ndogo hazipelekwi halmashauri zikapitishwa. Siku mfugaji anapoingia na ng'ombe 300, mwenyekiti anampokea kwa makubaliano ya pembeni, mkutano mkuu wa kijiji haujui, hakuna muhtasari. Wakulima wanaamka wanakuta njia ya ng'ombe imepita kwenye ufuta. Kilosa tuliona mwisho wake: Desemba 2000, Rudewa Mbuyuni, watu 38 waliuawa. Mambo kama yale huanza na njia ya kwenda majini iliyozibwa.

Kwa hiyo kabla ya kugawa hekta yoyote, chora njia za kwenda majini. Upana usipungue mita 30 hata kwenye kijiji kilichobanwa, na kwenye mapalio yanayopita kati ya mashamba zaidi ya hapo, maana ng'ombe 200 hawapiti kwa mstari. Weka mawe ya mipaka, siyo miti. Mti unakatwa usiku. Kisha hesabu uwezo wa malisho kwa ile kanuni ya hekta 3 hadi 5, na uandike idadi ya mwisho kwenye sheria ndogo. Bila idadi, "eneo la malisho" ni mwaliko tu.

Na nyasi hazijui mpaka wa kijiji. Kiteto, vijiji vya Lerug, Ngapapa na Orkitikiti viliunganisha mpango wao na kutenga malisho ya pamoja, zaidi ya hekta 20,000, chini ya jina la OLENGAPA. Kijiji kimoja kikikosa mvua, mifugo inasogea ndani ya eneo linalotambulika kisheria. Hiyo ni tofauti kubwa na kuhama.

---

Mwambao wa Tanganyika

Kwa ruhusa yenu niingize la maji, maana siyo ukame tu unaohamisha. Gatumba, kando ya Bujumbura, Aprili 2020 mto Rusizi ulivunja kingo na maelfu ya kaya zikaishia kambini. Halafu ziwa lenyewe likapanda mwaka hadi mwaka, mpaka 2024 likameza barabara na nyumba Burundi, na upande wa Kongo, Uvira na Kalemie. Ziwa Tanganyika lina mlango mmoja tu wa kutoka, mto Lukuga pale Kalemie. Mvua ikizidi, ziwa haliwezi kupumua haraka. Na hapa hakuna kugawa kundi wala kuuza mapema: nyumba haiuziki ikiwa ndani ya maji, na shamba la mawese likikaa miezi ndani ya maji linakufa. Mfugaji anahama na mali yake. Huyu anahama na godoro.

---

Kisima Kirefu

Hoja nzito, ila inastahili uzi wake mkuu. Fungua, tutakuja.

---

Bibi Takwimu

Nirudi kwenye swali la maendeleo, maana mmelizungukazunguka.

Benki ya Dunia ilikadiria mwaka 2021 kwamba kufikia 2050 nchi tano za bonde la Ziwa Victoria (Tanzania, Kenya, Uganda, Rwanda, Burundi) zinaweza kuwa na hadi watu milioni 38.5 waliohama ndani ya nchi zao kwa sababu za tabianchi. Namba hiyo inanukuliwa kila mahali bila maelezo. Ni kiwango cha juu, cha hali mbaya zaidi. Duniani kote kiwango cha juu kilikuwa milioni 216, na makadirio yaleyale yanasema hatua za mapema zingeweza kukishusha kwa hadi asilimia 80. Tena haihesabu wanaovuka mipaka, wala kundi linalokwenda na kurudi.

Kwa wanaovuka mipaka, sheria haina jina lao. Mkataba wa wakimbizi wa 1951 unataka mtu awe anakimbia mateso. Ukame hautesi mtu kwa sababu ya dini au kabila lake. Mkataba wa Kampala wa 2009 unataja tabianchi waziwazi, lakini ni wa waliohama ndani ya nchi.

Athari za ndani hazina kelele. Kijana wa miaka 13 aliyeondoka na kundi Agosti amekosa mtihani wa darasa la saba mwezi unaofuata. Hakufeli, hakuwepo. Mgao wa fedha za shule unafuata idadi ya wanafunzi waliopo, kwa hiyo shule aliyoikimbia inapungukiwa ruzuku, na ile ya kule bondeni ina watoto ambao hawajaandikishwa popote. Zahanati hivyohivyo: dawa zinaletwa kwa makadirio ya wakazi wa sensa, wakati bonde limeongezeka vitongoji vitatu.

Nyumbani amebaki mama na majike mawili yanayokamuliwa. Maziwa yakikata, mtoto chini ya miaka mitano ndiye anayeonyesha kwanza. Kisima kilichokuwa nusu saa sasa ni saa tatu, na hizo saa zinatoka kwenye palizi. Mavuno yakipungua nyumbani, kijana anatakiwa atume hela, anauza mtamba, kundi linapungua, sababu ya kurudi inapungua nayo. Ndiyo maana nasema kumsaidia anayebaki ndiyo njia rahisi ya kumrudisha aliyeondoka.

---

Mchunga Hesabu

Na la kumsaidia anayebaki halihitaji kubuniwa upya. Shinyanga walishafanya. Miti ilifyekwa tangu enzi za ukoloni kuua mbung'o, kisha pamba na mifugo vikamaliza. Mwaka 1986 mradi wa HASHI (Hifadhi Ardhi Shinyanga) ukaanza, ukaendelea hadi 2004. Ulipata mafanikio pale ulipoacha kuwaletea watu miche ya miti migeni na kurudi kwenye ngitili, mila ya Wasukuma ya kufunga malisho. Makadirio ya eneo lililorudi ni kati ya hekta 300,000 na 500,000.

Inavyofanyika: chagua eneo lenye visiki vilivyo hai na udongo usiochimbika na maji. Lifunge mvua zinapoanza, Novemba au Desemba. Mtu asiingize hata mbuzi. Kwenye visiki acha machipukizi matatu hadi matano yaliyonyooka, kata mengine, na pogoa matawi ya chini. Baada ya mavuno ng'ombe wanakula mabua mashambani kwanza, Juni na Julai. Ngitili inafunguliwa mabua yakiisha, Julai mwishoni au Agosti, kwa vipande. Unamaliza kipande kimoja ndipo unafungua kingine. Wanaoanza kuingia ni dhaifu, wenye ndama, na maksai watakaolima.

Inayoua ngitili ni tamaa ya wiki mbili. Mwenye nguvu anafungua Juni kwa sababu jirani ana majani, na wote wanafuata. Penye dagashida (baraza la jadi la Wasukuma) na sungusungu (walinzi wa kijiji) wenye meno, faini inalipwa na mambo yanakwenda. Palipoachiwa mtendaji peke yake, kesi inakwenda mahakama ya mwanzo na majani yanaisha kabla ya hukumu.

---

Mdadisi 77

Nimeelewa. Na maji je? Lambo la nusu hekta, kina mita 2, ng'ombe 1,000, litafika Novemba?

---

Mpima Mipaka

Halitafika. Hesabu: siku 210 kutoka Mei hadi Novemba. Jua linanyonya milimita 6 hivi kwa siku, jumla mita 1.26. Chini linavuja tuseme milimita 2 kwa siku, mita 0.42. Ng'ombe 1,000 kwa lita 30 ni mita za ujazo 6,300, ambazo kwenye nusu hekta ni mita 1.26 nyingine. Yaani jua linakunywa sawasawa na ng'ombe wako wote. Ongeza nusu mita ya tope ya chini isiyonyweka. Jumla ni karibu mita 3.5, na hiyo ni kama kuta zingekuwa wima. Kwa kuwa zimelala, chimba mita 4 na zaidi katikati.

Fedha ikiwa ndogo, punguza upana, usipunguze kina. Udongo wa mbuga nyeusi unashika maji ukilowa ila unapasuka ukikauka, kwa hiyo usiliache likauke kabisa. Jaribu kwanza: chimba shimo la mita moja, lijaze maji jioni, lijaze tena asubuhi, halafu ndipo upime limeshuka kiasi gani kufikia kesho yake. Juu ya mlango wa maji weka shimo la kunasa tope, lizolewe kila mwaka kabla ya mvua. Utoro, yaani njia ya kutolea maji ya ziada, uwe pembeni kwenye ardhi isiyochimbwa, kamwe usipite juu ya tuta. Zungushia uzio wa miiba au mkonge, na maji yatoke kwa bomba kwenda kwenye mabirika nje, mita 50 chini ya tuta. Ng'ombe wakiingia wenyewe, ndani ya miaka mitatu kile kina cha mita 4 ulichokilipia kimerudi mita 2.